Usemi wa Butembo na Beni katika Hadithi za Kiswahili

1. Utangulizi

Mwandishi wa hadithi anapomtia mhusika maneno kinywani humpa wakati huohuo kwao, umri, elimu na cheo. Wasomaji wa riwaya za Zanzibar wanalijua vyema jambo hili. Msamiati wa Unguja na Pemba uliomo katika kazi za Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed hupokewa na msomaji wa bara kama utajiri wa lugha, hata pale anapolazimika kufungua kamusi. Kiswahili cha mashariki ya Kongo hakijapata heshima hiyo. Mhusika Mkongo akitokea katika hadithi au mchezo wa Afrika Mashariki, aghalabu usemi wake hufanywa kichekesho.

Makala haya yanachunguza usemi wa miji ya Butembo na Beni, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, na kuonyesha kwamba una kanuni zake. Mwandishi asiyezifuata kanuni hizo humfanya mjinga mtu ambaye si mjinga.

2. Nani husema nini, na kwa nani

Kiswahili kiliingia Kongo kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, ile ya kina Tippu Tip, iliyopita Kasongo na Nyangwe hadi Kisangani na misitu ya Ituri. Watu wa misafara hiyo walijiita Waungwana, na ndiko lilikotoka jina la zamani la Kingwana. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, mpango huo ulizihusu nchi nne zilizokuwa chini ya Uingereza. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili chake kikaendelea kukua katika masoko, migodi na misheni, kikichota kutoka lugha jirani za Kibantu na kutoka Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba.

Katika Butembo na Beni wakazi wengi ni Wanande, na Kinande ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya soko, barabara na mgeni. Kifaransa ni lugha ya ofisi na darasa la juu. Kilingala kinahusishwa na jeshi tangu ukoloni. Kanisani na redioni husikika pia namna iliyo karibu zaidi na sanifu, ambayo Wakongo wengi huiita Kiswahili bora.

Kwa hiyo uhalisi huanzia katika kuchagua lugha. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwanamke wa Butembo anayesafiri kwenda mpakani Kasindi. Asubuhi humuaga binti yake kwa Kinande. Kwa dereva aliyetoka Goma atatumia Kiswahili. Karatasi za forodha zitamletea Kifaransa, na kwenye kizuizi cha askari huenda akatupa neno moja mbili za Kilingala ili apite salama. Mwandishi anayemfanya mama huyo aseme Kiswahili cha namna moja tangu alfajiri hadi usiku amemwondoa Butembo, hata kama kila neno lake ni sahihi.

3. Sarufi, si uvunjaji wa sarufi

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kumpa Mkongo Kisetla, yaani kile Kiswahili cha amri cha walowezi wa Kenya. Mhusika hutamka: "Mimi iko kwenda soko." Mtu wa Kivu husema hivi: "Niko nakwenda ku soko, batoto beko ku masomo." Sentensi ya kwanza haina upatanisho. Ya pili inao kikamilifu: kitenzi hubeba kiambishi cha nafsi, na *beko* hupatana na *batoto*.

Viambishi *ba-* na *bi-*, penye *wa-* na *vi-* vya sanifu, si makosa ya ulimi. Lugha nyingi za Kibantu zinavyo, na *ba-* ndiyo iliyo karibu zaidi na umbo la kale. Vivyo hivyo *mu-* hubaki kamili katika *mutu* na *mutoto*. Ngeli ya udogo ya *ka-* na *tu-* ingali hai: *katoto*, *tutoto*. Neno *kadogo*, walilopewa askari watoto wa vita vya mwaka 1996 na 1997, lilizaliwa katika ngeli hiyo; ukilisahihisha kuwa "kidogo" umefuta historia nzima. Mazoea, ambayo sanifu huyaonyesha kwa *hu-*, hapa huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi: *anakujaka kila juma*, yaani huja kila juma. Mahali huonyeshwa kwa *ku* na *mu* badala ya *-ni*: *ku soko*, *mu nyumba*.

Sifa nyingi kati ya hizi ni za Kivu nzima, na zimeelezwa katika kitabu cha Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose cha mwaka 2016. Anayezijua hizo chache na kuzifuata bila kuyumba hahitaji kupotosha tahajia ya kila neno.

4. Maneno na nahau

Neno geni halimdhuru sana msomaji. Akikutana na *sombe* karibu na chungu na *bugali* atatambua kuwa ni mboga, hata asipojua kwamba ni kisamvu. La hatari ni neno analodhani analijua. *Masomo* ya Butembo ni shule yenyewe. *Juu ya nini?* ni swali la sababu, wala si la mahali. *Leta*, lililotoka katika Kifaransa, ni serikali. *Kazi ya leta* ni utumishi wa umma, na msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani kuna mtu anayeamriwa kubeba kitu. Mwandishi stadi huliweka neno kama hili mara ya kwanza mahali ambapo maana moja tu inawezekana, kisha huliacha lijitegemee.

Nahau nazo zina asili zake. *Matabishi*, ile bahashishi ya kulainisha mambo, imetoka katika Kireno, ambako maana yake ya awali ilikuwa kuua mdudu, yaani kinywaji cha kufungulia siku. *Kifungu cha 15*, nahau iliyotapakaa Zaire yote, ni sheria isiyoandikwa inayomtaka kila mtu ajitafutie. Katika mji wa wafanyabiashara kama Butembo nahau hii inaweza kusemwa kwa uchungu au kwa majivuno. Mwandishi hana budi kujua mhusika wake anakusudia lipi.

5. Majina na heshima

Jina la Kinande hutaja nafasi ya mtoto katika uzazi. Kwa kawaida Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu na Kakule wa nne. Masika ni msichana wa kwanza. Utaratibu huu una matawi yake, lakini hadithi inayomfanya Kasereka kaka mkubwa wa Paluku humtoa msomaji wa Beni nje ya kitabu papo hapo. Katika kuitana, mtu mzima ni *papa* au *mama*, na ndugu mkubwa ni *yaya*. "Shikamoo" ya Tanzania haina nafasi hapa. Heshima hukaa katika *jambo sana* na *aksanti*.

6. Hitimisho

Wapo waliokwisha kuonyesha njia. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa huko, na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limeigiza kwa Kiswahili cha mji wake bila kuomba radhi. Johannes Fabian alizichapisha kazi za pande zote mbili mwaka 1990.

Suala hili halihusu fasihi peke yake. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, uliozikumba hasa Beni na Butembo na kuua watu zaidi ya 2,200, matangazo mengi yalitolewa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu. Shirika la Translators without Borders lilipowauliza wakazi wa Beni mwaka 2019, ilidhihirika kwamba watu walitaka maelezo kwa Kinande na kwa Kiswahili chao wenyewe, na kwamba baadhi ya maneno ya matangazo hayakueleweka. Usemi uliozoeleka kuchekwa ndio uliohitajika kuokoa maisha. Hadithi inayouandika kwa usahihi huwazoeza wasomaji wa Kiswahili kokote waliko kuusikiliza.