Simu ya Mama Siyo Simu Yako: Kabla Hujatoa Randi Zako Desemba Hii

Kila ikifika Oktoba, maswali ya kutuma pesa yanapungua na yanaanza maswali ya simu. "Nimnunulie mama Samsung au Tecno?" "iPhone yuzdi ya randi elfu tatu ni nzuri?" "Bosi ananiuzia ya kwake, nichukue?" Sisi ni watu wa mahesabu, hatuuzi simu. Lakini kwa familia nyingi simu ndiyo inapokea pesa mnayotuma, kwa hiyo ukikosea simu umekosea na pesa.

Tuanze na ndugu mmoja, fundi plasta kwenye saiti moja kule Umhlanga. Mwanzoni mwa 2025 alinunua iPhone 6 yuzdi mjini, imeng'arishwa, ina kava jipya, akampa mtu anayerudi nyumbani ampelekee mama yake Muheza. Mama alifurahi, picha zikapigwa. Tatizo la kwanza lilikuwa dogo tu: simu ile inaingia laini moja. Mama ana laini mbili kama watu wengi nyumbani, ya Vodacom yenye M-Pesa na ya Airtel ya kuongea na watoto kwa bando la bei nafuu. Akaweka ile ya kuongea, na laini ya M-Pesa akaihifadhi kwenye kopo la sukari. Mwezi wa pili mjukuu akalazwa. Kijana akatuma pesa usiku uleule, akapumzika akijua kazi imeisha. Ujumbe wa M-Pesa ukakaa siku mbili unasubiri laini iliyokuwa kwenye kopo, na mama huku anakopa kwa majirani. Kisha Mei 2025 WhatsApp nayo ikakoma kwenye simu ile.

Hilo la WhatsApp halikuwa hitilafu. Tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp ilianza kutaka iPhone yenye mfumo wa iOS 15.1 kwenda juu, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus haziwezi kufika hapo. Kwa Android, Januari 2025 ilianza kutaka toleo la 5.0 au zaidi. Kwa hiyo simu inaweza kuwa nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, na ikawa imeshafariki kwa kazi unayoitaka. Anayekuuzia mtaani hawezi kukuambia hivyo, na mara nyingine hata yeye hajui.

Hapo ndipo swali la "aina gani ni bora" linapotupotezea muda. Swali la kwanza liwe hili: nani ataishika, atafanyia nini, na ikiharibika nani ataitengeneza hukohuko alipo?

Mama au baba wa kijijini anahitaji laini mbili, chaji inayokaa, sauti kubwa na maandishi makubwa. Na hapa tuseme ukweli ambao wauzaji hawaupendi: M-Pesa haihitaji simu janja. Tanzania unabonyeza *150*00#, Kenya *334#, na kitochi kinafanya kazi yote bila bando. Pesa inakaa kwenye laini, haikai kwenye simu. Kwa hiyo kama mama ana kitochi kizima, usikitupe. Laini ya pesa ibaki humo, na simu janja mpya ichukue laini ya pili kwa ajili ya WhatsApp na kuona sura za wajukuu. Simu janja ikiibwa au ikiisha chaji, pesa ya hospitali bado inaingia. Tumeona mpango huu ukiokoa watu zaidi ya simu yoyote ya gharama.

Mtoto wa sekondari au chuo ni habari nyingine. Huyo anataka nafasi ya kuhifadhi, maana notisi, video za masomo na magrupu ya darasa vinajaza simu haraka. Ukimnunulia ya GB 32 kwa kubana matumizi, ndani ya mwaka ataanza kufuta vitu ili apate nafasi, na mwisho atakuomba nyingine. Afadhali GB 128 na RAM ya GB 4 kwenye simu ya kawaida, kuliko jina kubwa lenye nafasi ndogo. Ya 5G msiilipie kama anakaa sehemu ambayo hata 4G inakuja na kuondoka.

Sasa majina. Tecno, Infinix na itel watu wanabishana kama Simba na Yanga, kumbe zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Ubora wake kwa familia zetu ni wa vitendo: laini mbili, betri kubwa, bei ya chini, na kampuni ina vituo vyake vya matengenezo vya Carlcare katika Afrika Mashariki. Kioo chake fundi wa wilayani anacho au anakipata kwa basi kesho. Udhaifu wake ni kwamba nyingi za bei ya chini hazipati masasisho kwa miaka mingi, na zinakuja na programu nyingi za matangazo ambazo mama atazibonyeza bila kujua. Ukinunua, kaa nayo jioni moja uzifute.

Samsung za mfululizo wa A ziko katikati. Bei iko juu kidogo, lakini kampuni inaahidi masasisho ya muda mrefu. Galaxy A16 iliyotoka mwishoni mwa 2024 imeahidiwa miaka sita. Kwa mtu anayetaka simu moja ikae, hiyo ni hesabu nzuri. Angalia tu kabla ya kulipa kama uliyoshika ina sehemu ya laini moja au mbili, kwa sababu jina hilohilo linaweza kuuzwa kwa namna zote mbili.

iPhone ni simu nzuri, hatubishani. Inapata masasisho miaka mingi na ukiiuza bado ina thamani. Lakini nyingi zinazouzwa huku kwetu zina nafasi ya laini moja ya kadi, na ya pili kwa zile za karibuni ni eSIM, ambayo mama wa Muheza hataenda kuihangaikia. Kioo na betri halisi ni ghali, na fundi wa gulioni atakuwekea cha kubahatisha. Ukiitaka kwa ajili yako hapa Durban na uwezo unao, chukua. Ya kumtumia mzazi, sisi tunasema hapana.

Na wewe mwenyewe? Dada zetu wanaolala kazini wana wifi ya bosi na chaji ya kutosha, shida yao ni nafasi ya picha na usalama wa simu. Kaka zetu wa saiti wanapambana na vumbi la saruji na simu kuanguka kutoka kwenye jukwaa. Kwa saiti tunashauri simu ya bei ya kawaida yenye kava nene la raba, maana ukivunja ya randi elfu kumi umevunja mshahara.

Tuhesabu kidogo, kazi yetu ndiyo hiyo. Tuseme simu mpya ya randi 1,800 inakaa miaka mitatu: ni randi 50 kwa mwezi. Tuseme iPhone yuzdi ya randi 5,000, ukabadilisha betri kwa 700, ikakaa miaka miwili: ni kama randi 238 kwa mwezi. Tofauti ni randi 188 kila mwezi, na hiyo ni pesa ambayo ingeenda nyumbani. Tuseme tena mkataba wa randi 399 kwa miezi 36: umelipa 14,364. Kama simu hiyo taslimu ilikuwa 9,000, basi 5,364 umelipia kusubiri na bando kidogo.

Kuhusu mkataba kuna jambo moja linatuuma. Wengi hatupati mkataba kwa pasipoti au kibali cha muda, kwa hiyo mtu anamwomba rafiki mwenye kitambulisho cha hapa amchukulie kwa jina lake. Rafiki akihama, mkigombana, au akiacha kupeleka pesa unayompa, huna karatasi yoyote. Na ukikwama wewe, deni linabaki kwenye jina lake. Tumeona undugu wa miaka kumi ukiisha kwa ajili ya simu. Usifanye.

Sasa, kununua Durban au kutuma pesa wakanunue kule? Hapa watu wanashangaa jibu letu. Sheria ya kumlinda mlaji ya Afrika Kusini ya 2008 inakupa miezi sita: kitu ulichonunua dukani kikiwa na kasoro ambayo hukuisababisha wewe, una haki ya kuchagua kirekebishwe, kibadilishwe, au urudishiwe pesa. Ni haki nzuri sana, na haiangalii rangi ya pasipoti yako. Lakini simu ikishafika Muheza, nani atairudisha dukani Durban? Haki ipo, nauli ndiyo haipo. Kwa hiyo simu yako nunua hapa, tunza risiti, piga picha risiti hiyo maana wino wake unafutika. Simu ya nyumbani, mara nyingi ni afadhali utume pesa, ndugu mwenye akili timamu aende duka lenye jina Kariakoo au mjini Tanga, apewe risiti na waranti kwa jina la mama.

Ukiona lazima ununue hapa, kuna unafuu mmoja: tangu tarehe 1 Aprili 2025 Serikali ya hapa imeondoa ushuru wa asilimia 9 kwa simu janja zenye thamani isiyozidi randi 2,500. VAT ya asilimia 15 bado ipo. Kwa wa Kenya, mpe mbebaji namba ya IMEI ikiwa imeandikwa. Na kwa Tanzania mkumbuke Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki. Watu waliamka asubuhi wameshika matofali. Bonyeza *#06# utaona tarakimu 15 za IMEI. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu mezani uondoke.

Kwa za mkononi, hasa zile za mtaa wa Grey (siku hizi Dr Yusuf Dadoo) na za kuletewa na mtu saiti, kuna mtego mkubwa kuliko kioo kibovu: akaunti ya mwenye nayo wa zamani. iPhone ambayo haijatolewa kwenye akaunti yake itakufungia siku utakapoifuta. Android ni hivyohivyo kwa akaunti ya Google. Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na uiwashe upya hadi ifike mwanzo bila kuuliza barua pepe ya mtu. Na bosi akikuuzia ya kwake kwa nia njema, mwombe afanye hivyo pia, pamoja na karatasi fupi yenye sahihi yake kwamba amekuuzia. Polisi wakikusimamisha karatasi hiyo ina kazi.

Mtego huo una mdogo wake. Kijana wa dukani anakufungulia barua pepe mpya "ili simu ifanye kazi", nywila anaijua yeye, wewe hujui. Miezi sita baadaye simu inagoma, inaulizia nywila, na picha zote za wanao zimo humo. Fungua akaunti mwenyewe, uandike nywila kwenye daftari.

Kabla simu ya mama haijaondoka mkononi mwako, au kwa video kama imenunuliwa kule, kuza maandishi, weka lugha ya Kiswahili kama anaipenda, zima WhatsApp isipakue video zenyewe maana bando litaisha kabla ya Ijumaa, na hifadhi namba zako mbili. Namba ya siri ya M-Pesa asimpe mtu, hata fundi, hata mjukuu anayemsaidia kubonyeza. Na kama simu inatoka hapa, usisahau chaja: soketi za Afrika Kusini ni za miguu mitatu minene ya duara, za Tanzania na Kenya ni miguu mitatu ya bapa. Yule ndugu wa Umhlanga alituma iPhone na chaja ya hapa. Mama alikuwa akichaji kwa jirani mwenye adapta. Siku hizi ana kitochi chake na Tecno ya laini mbili iliyonunuliwa Tanga, na ile iPhone mjukuu anasikilizia muziki.