Jiwe Linaloomba Dua: Pamoja na Watoto Katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, Cairo

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Cairo, wawe wanafunzi wa Al-Azhar au wazazi waliokwenda kuwajulia hali vijana wao, hupelekwa kwanza kwenye mapiramidi na majeneza ya Mafirauni. Si vibaya, kwani Qur'ani imetuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Lakini mwendo mfupi kwa miguu kutoka lango la Bab Zuweila, mahali paitwapo Bab al-Khalq, lipo jengo lililofunguliwa mwaka 1903 ambalo familia zetu hulipita bila kuingia. Humo mmehifadhiwa vyombo, milango, misahafu na mawe ya makaburi, vingi vikiwa vimekusanywa kutoka misikiti na nyumba kongwe za mji huo.

Mzazi atakayeingia na watoto asijaribu kuviona vyote, maana watachoka kabla ya saa moja kwisha. Achague vitu vichache, na cha kwanza kiwe jiwe la kaburi la Abdurrahman bin Khayr al-Hajri.

Kwa umbo, jiwe hilo halina fahari yoyote. Herufi zake zimechongwa kwa mkono usiofuata mstari sawasawa, na mgeni mwenye haraka hulitupia jicho akaendelea na safari yake. Hata hivyo limeandikwa tarehe, nayo ni Jumada al-Akhira mwaka 31 Hijria, yaani 652 Miladia. Wakati huo Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa bado Khalifa, na Uislamu ulikuwa umefika Misri kwa takriban miaka kumi tu. Baada ya Bismillahi, maandishi yanamtaja maiti na kumwombea maghufira na rehema. Kisha yanamgeukia msomaji na kumtaka, pindi ayasomapo, amwombee maiti huyo msamaha na aseme amin.

Ombi hilo lina umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu, na kila asomaye huwa ndiye anayeombwa. Hapo ndipo mzazi asimame na watoto wake, wainue mikono, waseme amin. Nimewahi kuona wageni wakipiga picha kabati la kioo na kuondoka, na sidhani kwamba mwenye kaburi alikusudia hivyo.

Watoto wa madrasa watapata mshangao mwingine hapohapo. Wao wamezoea msahafu wenye nukta na irabu, ilhali jiwe hili halina nukta hata moja. Ndiyo sababu jina la baba wa marehemu wengine wamelisoma Khayr na wengine Jabr, kwa kuwa pasipo nukta maneno hayo mawili yana umbo moja. Mpe mtoto karatasi na kalamu, umwandikishe yote mawili bila nukta. Atafahamu kwa dakika mbili kwa nini wanazuoni wa mwanzo walihangaikia alama za usomaji, na kwa nini Qur'ani hupokewa kwa sikio kutoka kwa mwalimu, wala haikuachiwa wino peke yake.

Kutoka kwenye jiwe hilo hadi kwenye misahafu mikubwa ya zama za Wamamluki, mtu huona mwandiko ukikua na kunyooka. Mmoja wa walioutengeneza ni Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria, ambaye aliipima alifu kwa nukta za kalamu ya mwanzi na herufi nyingine akazipima kwa alifu. Siasa zilimponza akakatwa mkono. Husimuliwa kwamba aliendelea kuandika kwa kalamu iliyofungwa kwenye kigutu.

Msikose pia taa za vioo zilizotengenezwa kwa ajili ya misikiti na madrasa za Cairo, zikiwemo za Sultani Hasan, za karne ya 14. Aghalabu taa kama hizo zilizungushiwa shingoni aya ya 35 ya Suratun-Nur, ili moto ukiwashwa ndani, mwanga upenye katika maneno yanayozungumzia nuru. Sultani naye hakusahau kuliandika jina lake kwenye tumbo la taa! Tarehe 24 Januari 2014 bomu lililotegwa garini, likilenga makao ya polisi yaliyo ng'ambo ya barabara, liliharibu jengo hilo pamoja na vitu vingi vya ndani, zikiwemo taa kadhaa zilizovunjika. Mafundi walikaa na vipande miaka mitatu, na milango ikafunguliwa tena Januari 2017.

Kwetu sisi tulio katika kamati za misikiti, habari hii haiko mbali. Kule Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na waliojenga waliyaacha maandishi mahali pake; hadi leo watu wanasali mbele yake. Kwingineko nimeona mbao za milango zenye majina ya waliotoa wakfu zikiuzwa kuwa kuni kwa sababu vigae vipya vimeletwa. Waliotoa wakfu huo walitarajia kuombewa na kila asomaye.

Msikiti wetu utapakwa rangi baada ya Ramadhani. Juu ya mlango wa kusini kipo kibao cha mbao chenye mistari minne, na mafundi wamekwisha kuuliza kama wakiondoe. Kamati imeandika katika kumbukumbu za kikao kwamba kisiguswe mpaka kisomwe chote na kupigwa picha. Vijana wa darasa la juu la madrasa wamekwisha kusoma mistari mitatu. Wa nne umefunikwa na chokaa, nao wanausafisha kwa brashi ndogo kila Alhamisi baada ya Alasiri.