Gari la kulala kutoka gesi kwenda umeme: Akiba ya gesi hairudishi mtaji

WAMILIKI wa magari ya kulala nchini Marekani wanaotaka kung'oa mitungi ya gesi na kufunga vifaa vya umeme wana kila sababu ya kufungua daftari kabla ya kumwita fundi. Hesabu inaonyesha kwamba fedha inayookolewa kwa kuacha kununua gesi, peke yake, haiwezi kurudisha gharama ya kazi hiyo katika umri wa kawaida wa gari. Hata hivyo, kazi hiyo inaweza kuwa na faida kwa anayeifanya kwa zamu.

Gari la kulala ni gari kubwa lenye kitanda, jiko, jokofu, choo na bafu ndani yake. Kitovu cha utengenezaji wa magari hayo ni eneo la Elkhart, katika jimbo la Indiana. Kwa miaka mingi magari hayo yametengenezwa yakitegemea gesi ya propani kwa kazi nne: kupika, kupoza jokofu, kuchemsha maji na kupasha joto chumba wakati wa baridi.

Sababu za kuiacha gesi zinajulikana. Gesi ikivuja huweza kulipuka, na moshi wake katika chumba kidogo kilichofungwa unaweza kuua. Mtungi hujazwa mahali maalumu, si kila kituo. Aidha, mahandaki ya barabara ya mji wa Baltimore hayaruhusu magari yenye mitungi mikubwa ya propani kupita. Lakini sababu kubwa ya mabadiliko ni bei ya betri. Kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulishuka kutoka dola 139 kwa kila kilowati-saa mwaka 2023 hadi dola 115 mwaka 2024.

Uniti ngapi kwa siku?

Hesabu ianzie kwenye uniti, si kwenye dola. Uniti moja, ile ile anayoinunua mteja wa LUKU, ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Mtungi wa propani wa kilo 9 una nishati ya karibu uniti 120. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.28 tu. Kwa hiyo, mtungi mmoja ni sawa na betri zaidi ya 90, mzigo wa zaidi ya tani moja.

Tofauti hiyo inatisha, lakini umeme haupotei ovyo kama gesi. Katika jiko la gesi, zaidi ya nusu ya moto huishia hewani. Jiko la indaksheni huingiza sehemu kubwa ya umeme moja kwa moja kwenye sufuria. Jokofu la gesi nalo lina ulafi wake: likiwekwa kwenye umeme, kipasha joto chake cha wati 300 hadi 400 kikifanya kazi nusu ya siku hula uniti 4 hivi. Jokofu la kompresa la volti 12 hutosheka na uniti 0.5 hadi 1.

Kwa watu wawili, hesabu ya siku moja inaweza kuwa hivi: kupika uniti 1.5, jokofu 0.8, kuchemsha tangi moja la maji la lita 23 uniti 1, na taa, pampu, feni na simu uniti 0.7. Jumla ni uniti 4. Betri nane za ampea-saa 100 zina uniti 10.24, akiba ya siku mbili bila kuzimaliza kabisa.

Upande wa mapato ya umeme, paneli za sola za wati 800 zikipata saa tano za jua kali, na baada ya kutoa upotevu wa robo, huleta uniti 3. Chaja inayovuta umeme kutoka kwenye alteneta ya injini wakati wa safari inaweza kuongeza uniti 1.4 kwa mwendo wa saa mbili. Daftari linafunga kwa uniti 4.4 dhidi ya matumizi ya 4. Ikija wiki ya mawingu na gari limeegeshwa tu, daftari hilo linaingia hasara.

Daftari la mfano

Bei hutofautiana kati ya duka na duka. Makadirio yafuatayo ni mfano wa kufanyia hesabu:

Betri 8 kwa dola 300 kila moja: 2,400
Inveta ya wati 3,000 yenye chaja: 1,000
Jokofu la kompresa: 1,200
Jiko la indaksheni: 150
Tangi la maji moto la umeme: 400
Paneli za sola na kidhibiti chaji: 800
Chaja ya alteneta: 350
Waya, fyuzi na swichi: 700
Fundi, saa 30 kwa dola 150: 4,500
Jumla: dola 11,500

Sasa upande wa pili. Watu wawili wanaoishi ndani ya gari mwaka mzima, wakimaliza mtungi mmoja kila wiki mbili kwa kupika, jokofu na maji, hutumia mitungi 26. Mtungi ukijazwa kwa dola 20, gharama ya mwaka ni dola 520. Mtaji wa dola 11,500 utarudi baada ya miaka 22. Mwenye gari anayesafiri likizo tu, akitumia mitungi mitano kwa mwaka, anaokoa dola 100. Huyo atasubiri miaka 115.

Joto ndilo mtihani

Daftari hilo halijagusa kazi ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Tanuri la gesi la gari la kulala lenye nguvu ya BTU 30,000 kwa saa ni sawa na kilowati 8.8. Likiwaka saa nne tu katika usiku mzima wa baridi, linachoma gesi ya uniti 35. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya akiba ya betri zote nane.

Kiyoyozi cha kwenye paa kinachogeuzwa kutoa joto hutumia umeme mdogo zaidi, lakini vingi vya aina hiyo hulegea hewa ya nje inapokaribia nyuzi 4 za sentigredi, yaani wakati joto linapohitajika zaidi. Betri za lithiamu zenyewe haziruhusiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri bila kupashwa joto kwanza.

Kuchomeka waya kwenye kambi pia kuna kikomo. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600. Jiko la wati 1,800 na tangi la maji la wati 1,400 zikiwashwa pamoja zinabaki wati 400. Kipasha joto kidogo cha wati 1,500 kikiongezwa, swichi inakata.

Faida iko wapi?

Faida iko katika kubadilisha kifaa kilichokwisha kufa. Jokofu la gesi likiharibika, mwenye gari hana budi kununua jingine, na mara nyingi lile la gesi ni ghali kuliko la kompresa. Hapo kuhamia umeme si gharama ya ziada. Zamu ya pili ni jiko: la indaksheni la kubebeka lina bei ndogo na halihitaji kung'oa chochote. Tangi la maji lifuate siku litakapotoboka. Tanuri la gesi na mtungi mmoja vibaki hadi mwisho, hasa kwa wanaopita maeneo ya baridi.

Mwenye karakana naye ana la kuzingatia. Inveta ya wati 3,000 kwenye betri za volti 12 huvuta ampea 250, mkondo unaodai shaba nene na maungio yaliyokazwa vizuri. Mfumo wa volti 48 huvuta ampea 62 tu kwa kazi ile ile. Fundi anayebania waya ili ashushe bei anamwuzia mteja moto badala ya ule aliokimbia kwenye gesi. Bomba la gesi linaloachwa nalo lazima lizibwe na mwenye ujuzi.

Kwa upande wa soko, betri na seli nyingi zinatoka China. Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kupandisha ushuru wa betri za lithiamu za China zisizo za magari ya umeme kutoka asilimia 7.5 hadi 25 kuanzia 2026. Betri ya namna hiyo ndiyo ile ile inayouzwa pamoja na inveta katika maduka ya sola ya Kariakoo, na kanuni ya kuinunua ni moja: hesabu uniti za siku kwanza, kisha siku za akiba, kisha bei.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetafuta usalama na utulivu wa safari anaweza kuvinunua kwa umeme, mradi ajue kwamba ananunua. Anayetafuta kurudisha fedha yake kwa kukwepa mtungi wa dola 20 atangoja sana.