Mtoto Anapojifunza Kukimbia

Mara nyingi mama hufika mbele yetu na kuuliza: "Mtoto wa jirani anakimbia, na huyu wangu anatembea tu. Ana ugonjwa gani?" Jibu letu kwa kawaida ni hili: hana ugonjwa. Lakini kuna mtoto mwingine ambaye wazazi wake hawatuulizi neno, naye ndiye tunayemwogopea. Huyo alikuwa akikimbia, na sasa amekaa. Tutasema juu ya wote wawili.

Kukimbia ni nini? Si kutembea haraka. Mtu akitembea, sikuzote mguu mmoja unagusa chini. Akikimbia, kuna nukta ambayo miguu yote miwili imeondoka chini. Basi mtoto sharti awe na nguvu ya kujirusha, tena nguvu ya kuupokea mwili wake mzima kwa mguu mmoja bila kuanguka. Kwa mtu wa miezi kumi na minane hiyo ni kazi kubwa.

Nguvu hiyo huja kwa utaratibu wake. Shingo hutangulia, kisha mgongo, miguu hufuata. Shirika la Afya Ulimwenguni liliwachunguza watoto wenye afya katika nchi tano, na Ghana na Oman zilikuwamo. Mwaka wa 2006 likatangaza mambo yaliyoonekana. Wengine walitembea peke yao wakiwa na miezi 8, wengine walikaribia miezi 18, na wote walikuwa wazima. Kwa hiyo, mama, usimpime mtoto wako kwa mtoto wa jirani. Lakini akipita miezi 18 bila kutembea, mlete tumtazame.

Karibu na mwezi wa 18 wengi huanza kukimbia, nanyi mmeona namna yao. Miguu imepanuka, mikono iko juu, nyayo zinapiga chini pa! pa! pa! Kusimama hajui, husimama anapofika kwenye kikwembe cha mama yake, ama anapoanguka. Msimcheke sana. Ile mikono ya juu inamsaidia asipinduke, na kila akianguka ubongo wake unajifunza jambo. Akiwa na miaka miwili hukimbia vizuri zaidi. Kugeuka ghafula na kusimama ghafula huja nyuma, na akifika miaka sita hivi mwendo wake unafanana na wa mtu mkubwa.

Tena msiogope miguu iliyopinda. Mpaka karibu miaka miwili magoti huachana kama upinde. Kwenye miaka mitatu na minne hugusana. Kwenye miaka saba huwa yamenyooka. Wayo wa mtoto mdogo ni bapa kwa sababu una mafuta ndani. Hakuna haja ya kumfunga vijiti wala kumtafutia viatu vya bei kali. Lakini mguu mmoja ukipinda peke yake, au kupinda kukizidi badala ya kupungua, njooni.

Wengine huuliza kama kubebwa mgongoni kunaharibu miguu. Hapana, hakuharibu. Ila mtoto anayebebwa kutwa nzima, na mama asubuhi na dada yake jioni, atajaribu miguu yake saa ngapi? Mshusheni. Hapa Bukavu taabu yetu ni milima. Katika njia za Kadutu mtoto akikimbia kuteremka, kichwa kinatangulia na miguu inabaki nyuma. Mtafutieni mahali tambarare, mbali na moto na mbali na pikipiki. Na kile kiti cha magurudumu wanachomtia mtoto asiyetembea bado, mimi sikipendi: hakimfundishi kutembea upesi, na penye mteremko chaweza kumuua. Nchi ya Kanada ilikataza kuviuza mwaka wa 2004.

Sasa yule aliyeacha kukimbia. Mguu ukilegea ghafula, hasa baada ya homa, fikirini polio. Msiseme imekwisha: mwaka wa 2023 virusi vyake vilionekana bado katika Kivu Kusini. Basi matone na sindano za chanjo msiziache. Mguu ukilegea baada ya sindano ya takoni, yawezekana mshipa wa fahamu umechomwa. Mtoto mdogo huchomwa pajani, upande wa mbele. Mnayo ruhusa ya kumwomba mganga hivyo.

Miguu yote miwili ikikakamaa kwa siku chache, bila homa, mtoto akitembea kwa vidole, hiyo yaweza kuwa konzo. Inatoka katika mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa mahali ambapo watu hawapati samaki wala maharagi. Wakati wa vita na njaa watu hupunguza siku za kuloweka, na konzo imekwisha kuonekana katika Kivu Kusini. Haiponi, lakini yazuilika: lowekeni mihogo siku tatu, mpaka ilainike, ndipo muianike.

Anayetujia mara nyingi zaidi ni mtoto wa bwaki. Mama amepata mimba nyingine, mtoto ameachishwa ziwa upesi, anakula bugali na majani tu. Haanguki wala halii sana. Anakaa mlangoni akiwatazama wenzake wakikimbia. Watu wa nyumbani husema, "Mtoto huyu ni mtulivu." Bonyezeni mguu wake kwa kidole: shimo likibaki, miguu imevimba, mleteni siku ile ile, msingoje nywele zigeuke nyekundu. Anayekula bado vizuri apewe maharagi yaliyopondwa, karanga, yai, au sambaza wa ziwa letu waliosagwa unga na kutiwa katika chakula chake kila siku.

Katika chumba cha watoto tunatumia mizani kujua anayepona. Lakini kwanza mtoto hucheka. Siku nyingine anashuka kitandani, anashika ukuta. Halafu asubuhi moja mama anamtafuta, kitanda ni kitupu, naye yuko uani nyuma ya wengine, mikono juu, akipiga nyayo.