Jicho la Samaki: Somo kwa Mwenye Birika na Mwenye Bwawa

Mkulima wa skimu akiona habari za samaki wa dhahabu katika gazeti lake huenda akacheka. Samaki huyu haliwi, hauzwi kwa kilo, wala halipi deni la shamba. Ni samaki wa kutazamwa tu. Hata hivyo twamwomba msomaji asigeuze ukurasa upesi, kwa maana mambo yanayompofusha samaki mmoja katika birika ndiyo hayo hayo yanayompotezea mkulima perege wengi katika bwawa.

Wale wanaopeleka nazi na mboga soko la Kongowea wajua kwamba Nyali iko karibu tu, na katika bustani za huko samaki wa dhahabu hufugwa katika vidimbwi vya mapambo. Mkulima mmoja wa skimu ya Mtwapa alipewa wawili na mtu wa Nyali aliyekuwa akihama nyumba. Akawachukua ndani ya ndoo, akawatia katika birika lake la saruji, kwa kuwa aliambiwa kwamba wanakula viluwiluwi vya mbu. Jambo hilo ni kweli. Binti yake wa miaka tisa ndiye aliyewalisha.

Siku moja birika lilisafishwa. Samaki mmoja akashikwa kwa kikapu cha ukindu, akarukaruka, na ncha ya ukindu ikamchoma jicho. Kesho yake jicho lile lilikuwa jeupe kama maziwa. Baba akaamuru atupiwe bata. Mtoto akasema, "Baba, mbuzi wetu mwenye jicho moja mbona hatukumtupa?" Baba akanyamaza. Tulipoonana naye sokoni alituuliza: Je, samaki asiyeona aweza kuishi?

Jibu letu ni hili: aweza, tena kwa miaka mingi, mradi maji yake ni safi na mahali pake hapabadilishwi.

JICHO LISILO NA KOPE

Jicho la samaki huyu halina kope la kulifunika. Mtu akiona kijiti hufumba jicho, lakini samaki hawezi. Kinga yake ni ute mwembamba tu, ule unaofunika ngozi na magamba yake. Ute ukikwanguliwa, vijidudu vilivyomo majini hupata mlango.

Watu wa Uchina walianza kumfuga samaki wa dhahabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, nao wakachagua aina nyingi za ajabu. Wengine macho yao yametokeza nje kama vifungo vya koti, na wengine wana mifuko ya maji chini ya macho. Hao ndio waumiao zaidi. Afadhali mtu anayeanza afuge wale wa kawaida wenye umbo jembamba na macho ya ndani.

Sababu za kuumia ni hizi: kikapu au wavu wenye nyuzi ngumu, mawe na matumbawe yenye ncha ndani ya birika, samaki wenzake wanaodonoa, hasa wakibanana, na ndege walao samaki, kama vile mdiria na korongo, ambao huja alfajiri watu wamelala.

JE, NI JERAHA AU NI UGONJWA?

Kabla ya kutafuta dawa, mwangalie samaki kwa makini. Likiwa jicho moja tu ndilo jeupe au limevimba, mara nyingi ni jeraha. Yakiwa macho yote mawili yamekuwa na ukungu au yametokeza, mara nyingi kosa ni la maji, au kuna ugonjwa ndani ya mwili.

Huyo samaki wa Mtwapa alikuwa na jicho moja bovu. Lakini baada ya siku chache la pili nalo likaanza kuwa na ukungu. Sababu ilikuwa nini? Mtoto kwa huruma yake alikuwa akimtupia mgonjwa mkate mara tano kwa siku. Mkate ukaoza chini ya birika. Chakula kilichooza pamoja na uchafu wa samaki hutoa amonia, kitu kile kikali kinachochoma macho na pua ya mtu aingiapo katika banda la kuku lililofungwa siku nyingi. Mtu aweza kutoka bandani. Samaki hana pa kutokea.

NAMNA YA KUMWUGUZA

Kwanza, mtenge katika chombo kipana cha lita 40 au zaidi, kisichowahi kutiwa sabuni wala dawa ya shamba. Kiweke kivulini, ukifunike kwa wavu. Umhamishe kwa bakuli lililojaa maji, si kwa mkono mkavu wala kikapu.

Pili, badilisha robo ya maji kila siku kwa muda wa wiki moja. Maji ya bomba yana klorini, basi yaache wazi katika ndoo mchana na usiku kabla ya kuyatumia. Maji mapya yawe na joto sawa na yale ya zamani.

Tatu, chumvi kidogo husaidia. Chukua kijiko kimoja cha chai, kisawazishwe, kwa kila lita 5 za maji. Iyeyushe kwanza katika kikombe, kisha mimina polepole. Kumbuka kwamba chumvi haikauki pamoja na maji: ukibadilisha lita 10, tia chumvi ya lita 10 tu. Angalizo kwa watu wa pwani: visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na vingi vina maji ya chumvichumvi. Kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, usiongeze nyingine.

Nne, usimtie dawa ya macho ya watu, wala dawa ya kuku iliyobaki kabatini. Dawa za kuua vijidudu zitolewe na daktari wa mifugo au kwa shauri la Afisa wa Uvuvi.

Ukungu mdogo aghalabu huondoka kwa wiki moja au mbili. Jicho lililopasuka halirudi; husinyaa, na ngozi hufunga mahali pake. Hapo usihesabu kwamba samaki amekufa.

KUMTUNZA KIPOFU

Samaki hategemei macho peke yake. Ana pua nzuri ya kunusa chakula. Tena ana mstari mdogo ubavuni, toka kichwani mpaka mkiani, ambao kwa huo husikia kila mtikisiko wa maji. Kule Somalia, katika maji yaliyo chini ya ardhi, yuko samaki aitwaye na wataalamu Phreatichthys andruzzii, aliyeandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1924. Samaki huyo hana macho kabisa, na kizazi chake kimeishi gizani muda mrefu usiohesabika.

Tofauti ni kwamba kipofu wa birika alizoea kuona, kwa hiyo yapasa afundishwe. Mlishe saa ile ile na pembe ile ile kila siku. Gonga ukingo mara mbili, kisha tia chakula kinachozama, kidogo, kiasi cha kuliwa kwa dakika chache. Kinachobaki kitoe. Usihamishe mawe wala mimea, maana kipofu huijua nyumba yake kama mzee aijuavyo njia ya kisimani. Ondoa kila chenye ncha. Usimweke na samaki wepesi watakaomnyang'anya chakula.

Kama hali kwa siku nyingi na amelala ubavu, ni huruma kumwua kwa haraka. Lakini usimtupe mtoni wala katika bwawa la watu akiwa hai. Samaki wa kigeni huleta maradhi na huweza kuzaana mahali pasipo pake.

NA MWENYE PEREGE JE?

Tangu mwaka 2009 Serikali ilipoanza mpango wa kuwachimbia wakulima mabwawa ya samaki, wengi wamezoea hesabu ya perege 1,000 katika bwawa la mita za mraba 300. Katika bwawa la namna hiyo hakuna awezaye kumwuguza kipofu mmoja mmoja. Perege aliyechomwa na wavu, naye ni mzima kwa mengine yote, avuliwe aliwe siku hiyo.

Lakini jicho lake lisomwe. Ukiona majeraha baada ya kuvua, wavu wako ni mgumu au unawarundika samaki mno. Tumia wavu laini usio na mafundo, uvue asubuhi kabla ya jua kali. Ukiona samaki wenye madoa meupe ndani ya jicho, tazama kandokando ya bwawa kama kuna konokono. Wako minyoo wadogo ambao huanza katika konokono, huingia katika jicho la samaki, na humaliza safari yao tumboni mwa ndege. Fyeka magugu ya ukingoni na uokote konokono. Ukiona wengi wametokeza macho, wanazunguka ovyo majini na kufa, huo waweza kuwa ugonjwa wa vijidudu vipendavyo maji ya joto na msongamano. Punguza chakula, usiwahamishe samaki, usiwauze, ukamwite Afisa wa Uvuvi wa kaunti bila kuchelewa. Samaki kipofu mara nyingine hugeuka mweusi kuliko wenzake na hubaki nyuma wakati wa kula. Huyo ndiye wa kwanza kukuonya.

Na yule samaki wa Mtwapa? Alipofuka macho yote mawili. Baba mtu akafanya alivyoagizwa: mkate ukakoma, maji yakabadilishwa, makuti yakawekwa juu ya birika. Wiki ya tatu mtoto aligonga ukingo mara mbili, na samaki akaja pembeni kula. Baba huyo sasa anachimba bwawa la perege. Anasema wavu ameshanunua, ule laini, na kile kikapu cha ukindu kimerudi kazi yake ya kubebea embe.