LUBIRI YA MENGO: JUMBA LA KABAKA NA MOTO WA LANGONI

Malori yaendayo Uganda hupita hapa kwetu Kikopey mchana na usiku, yakitoka Gilgil kuelekea Elmenteita na Nakuru. Madereva wakisimama kula nyama huwa na habari nyingi za Kampala; lakini ukiwauliza juu ya Lubiri, yaani jumba la Kabaka wa Buganda lililo juu ya kilima cha Mengo, wengi hujibu kwamba wameuona ukuta tu. Nyuma ya ukuta huo yamepita mambo makubwa, nayo yafaa kuelezwa.

Hapo zamani Kabaka hakuwa na jumba moja la kudumu. Kila mfalme aliyetawazwa alichagua kilima chake akajenga huko, na mahali alipokaa ndipo palipokuwa mji mkuu. Mutesa wa Kwanza alihama zaidi ya mara moja, na mwaka 1882 akajenga Kasubi. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, hata jumba lenyewe likawa kaburi la wafalme. Mwanawe, Mwanga, akachagua Mengo mwaka 1885.

Msomaji asidhani kwamba Lubiri ni nyumba moja. Ilikuwa boma kubwa lenye ua mrefu wa matete yaliyosukwa kwa ustadi, na ndani yake nyumba nyingi: za Kabaka mwenyewe, za wake zake, za watumishi na walinzi, nyua ndani ya nyua. Sisi tuliozoea kuzungushia ng'ombe miiba na miti ya leleshwa hatuna la kulinganisha. Kila ukoo wa Waganda una kazi yake ya urithi kwa mfalme: huyu hulinda lango, huyu hutunza ngoma, huyu hutengeneza nguo za magome ya mti, huyu huangalia moto. Kwa hiyo mkulima wa mbali, ambaye pengine hajamwona Kabaka hata siku moja, alijua kwamba ndugu yake wa ukoo ana mahali pake ndani ya ua ule. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya Lubiri, wala si matete wala matofali.

Penye lango kuu, liitwalo Wankaaki, huwaka moto uitwao Ggombolola. Moto huu hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Akifariki huzimwa, na Waganda hawasemi kwamba mfalme amekufa, bali husema moto wa Buganda umezimika. Ziko pia ngoma za kifalme, Mujaguzo, ambazo zina walinzi wake na heshima zake kama watu. Kutawazwa kwenyewe hakufanyiki Mengo, bali Naggalabi, katika kilima cha Buddo.

Kutoka Wankaaki barabara imenyoka moja kwa moja hadi Bulange, jumba la baraza la Lukiiko. Huitwa Kabaka Anjagala, maana yake "Kabaka ananipenda", na kando yake zimewekwa alama za koo. Katikati ya safari upo mzunguko wa barabara. Watu wote huuzunguka, hata mawaziri. Lakini katikati yake imepasuliwa njia yenye malango, ambayo hufunguliwa kwa ajili ya Kabaka peke yake, kwa kuwa si desturi mfalme akunje njia yake.

Mwaka 1897 Mwanga alitoroka Mengo akapigana na Waingereza, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akawekwa kitini. Tangu hapo makao ya ufalme hayakuhamishwa tena. Jumba na ufalme vikawa kama kitu kimoja, na hapo ndipo hatari ilipoingia, kwa sababu jumba lisilohama hujulikana lilipo.

Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Cohen alimpeleka Mutesa wa Pili Uingereza kwa ndege, bila hiari yake. Wako wanaume walioapa kutonyoa ndevu mpaka arudi. Alirudi tarehe 17 Oktoba 1955 kwa shangwe kubwa. Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, naye akawa Rais mwaka 1963, huku Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Lakini wawili hao hawakupatana.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, liliishambulia Lubiri. Walinzi wa Kabaka, wachache na wenye silaha duni, walipigana kwa saa nyingi. Mvua kubwa ikanyesha, na katika mvua hiyo Kabaka akaruka ukuta, akaumia mgongo, akatoroka kupitia Kongo na Burundi mpaka London, alikofia tarehe 21 Novemba 1969. Watu wengi waliuawa, na vitu vingi vya kifalme vikateketea. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Lubiri ikawa kambi ya askari, na wakati wa utawala wa Amin vyumba vya saruji vilivyochimbwa ndani yake vikawa mahali pa kutesea watu. Ajabu ni kwamba Amin huyo huyo ndiye aliyeruhusu maiti ya Mutesa irudishwe mwaka 1971 ikazikwe Kasubi.

Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Mutebi, mwana wa Mutesa wa Pili, akatawazwa Naggalabi. Hata hivyo misiba haikuisha: tarehe 16 Machi 2010 jumba kuu la makaburi ya Kasubi liliungua, na Waganda walimiminika huko wakilia kama waliofiwa.

Siku hizi mgeni hulipa ada akaingia Lubiri. Nyumba ya Kabaka, Twekobe, huionyeshwa kwa nje tu. Kisha huteremshwa kwenye vile vyumba vya saruji, ambako watu wengi walifia gizani. Ggombolola unawaka langoni, nao walinzi wake huutilia kuni.