Tangi kuukuu la petroli: hatari iliyofichika garini

SI ajabu kukuta Peugeot 504 au Land Rover ya zamani imeegeshwa kando ya ghala la mahindi huko Kesses, Kaunti ya Uasin Gishu. Gari aina ya 504 ndilo lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na wapo wenyewe wasiotaka kusikia habari ya kuliuza kama vyuma chakavu. Wanapoamua kulifufua, hukimbilia injini na kulisahau tangi.

Petroli haidumu. Ikikaa miezi kadhaa, sehemu yake nyepesi hupaa hewani, na inayosalia huungana na oksijeni ikawa ulimbo wa rangi ya kahawia unaonuka kama vanishi. Ulimbo huo huziba vitundu vya kabureta. Isitoshe, Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Unyevu ulio katika tangi lisilojaa hugeuka matone, maji yakatuama chini ya petroli, na hapo kutu huanza. Ukitaka kuhakikisha, toa mafuta kidogo katika chupa ya kioo. Maji yataonekana chini.

Kwanza tenganisha betri, kisha toa mafuta yote nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Usiyanyonye kwa mdomo kupitia mpira, ingawa mafundi wengi wamezoea hivyo. Petroli ikiingia mapafuni yaweza kuua. Tena, ikiwa gari lililala kabla ya 2006, wakati petroli yenye madini ya risasi ilikuwa haijaondolewa sokoni, sira zake huenda bado zina sumu hiyo. Tumia pampu ya mkono na uvae glavu.

Baada ya kulishusha tangi na kutoa geji, lioshe kwa maji moto na sabuni mara kadhaa. Tia nati chache au kipande cha mnyororo, ulitikise ili kutu ibanduke, kisha hesabu ulivyotia usiache hata kimoja ndani. Kutu iliyosalia huondolewa kwa siki, ikae siku moja hivi. Suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kisha likaushe upesi, kwani chuma kilichosafishwa hushika kutu tena baada ya saa chache tu. Lipake mafuta ya injini kidogo kwa ndani.

Je, likiwa limetoboka? Hapa ndipo watu hupotezea maisha. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, si petroli yenyewe. Mvuke wa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa iliyomo unatosha. Hata tangi lililooshwa huweza kubaki na mafuta katika maungio yake, nayo hugeuka mvuke mara tu moto wa kuchomelea unapoligusa. Kwa maoni yetu, tangi la namna hiyo libadilishwe.

Mafuta machafu yasimwagwe mtaroni wala shambani. Yawekwe katika mtungi wa chuma wenye kifuniko na kukabidhiwa wazoaji taka wenye leseni ya NEMA. Funga chujio jipya, na ulikague tena baada ya safari chache za kwanza.